Kitufe Upande wa Pili wa Ukuta

Wabwile mwenyewe ndiye aliyelihamisha kabati la kuongozea mkono wa roboti, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Pale kinu cha unga Kitale, vumbi lilikuwa linaingia ndani ya kabati kila wiki, na wakubwa wakasema: lipelekwe chumba cha pili. Nyaya za mita saba hazikufika. Akaziongeza kwa nyingine za mita kumi na tano, akazipitisha ukutani, akazifunga vizuri hata ukizitazama unapenda. Kasoro ilikuwa moja tu. Kitufe cha kulegeza breki za mkono kilihama pamoja na kabati. Alipaswa kuweka kingine karibu na mkono, na kila siku akasema kesho, na kesho haina mwisho, bwana.

Jumapili hiyo kinu kilikuwa kimefungwa. Wabwile aliingia ndani ya uzio wa roboti kuangalia kama nyaya mpya zinavutika mkono ukizunguka. Ili mkono usisimame mlango wa uzio ukiwa wazi, aliidanganya swichi ya mlango kwa kipande cha waya. Fundi wa miaka kumi na mbili! Mkono ukaja polepole, macho ya Wabwile yako kwenye nyaya, ukambana kifua kwenye magunia ya unga yaliyopangwa. Ulipohisi kizuizi ulisimama na kujifunga breki, naye akabaki amegandamizwa hapo.

Pumzi ilikuwa inaingia kidogo mno. Simu iko kwenye koti, na koti liko chumba cha pili. Akataka kupiga kelele, ndipo akasikia ufagio.

Sasa hapo ndipo pana kisa. Aliyekuwa akifagia ni Roselyne, mamamkwe wake, mama mzazi wa mkewe Beth, Msabato asiyeona shida kufanya kazi Jumapili. Mwezi uliopita kampuni ya usafi ilimtoa kazini kule Ndalu ikamleta kinu kilekile. Na kwa Wabukusu mkwe na mamamkwe hawagusani, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Mwezi mzima watu wawili hao walikuwa wanakwepana kati ya magunia. Mkwe akiingia kwa mbele, mama anatokea kwa nyuma. Wafanyakazi walicheka mpaka wakachoka.

Kwa hiyo Wabwile akanyamaza. Ndiyo, alinyamaza! Mtu anakufa, anaona haya. Akajiambia Kipketer, askari wa getini, atapita. Kisha maumivu yakamfanya agune. Ufagio ukasimama, halafu akasikia hatua za mama zikienda mbali, maana aliitambua sauti ya mkwe wake, naye akaona ampishe.

Hofu ikamshika kweli. Beth alikuwa nyumbani Matulo na mtoto wa miezi minne, na yeye hapa anakufa kwa ajili ya adabu.

"Mama!" akaita. "Usiende. Mashine imenishika."

Hatua zikarudi. Kisha sauti ikatoka nyuma ya magunia: "Imekushika wapi?"

"Kifua. Siwezi pumua."

"Wele wangu, Mungu wangu! Ngoja nipigie Kipketer." Akapiga. "Ati mteja hapatikani. Sema nifanye nini, baba."

Akamweleza kwa vipande: chumba cha pili, kisanduku kidogo ubavuni mwa kabati, kitufe namba moja, ukikifinya, mkono unasukumika kando. Mama akakimbia. Breki ikalia ta! Wabwile akasukuma, lakini nguvu zilikuwa wapi? Mkono ulitikisika tu. Mama akaachia kitufe aje kuuliza, na breki zikafunga tena. Zamani mtu mmoja angefinya huku anasukuma. Sasa kulikuwa na ukuta katikati, na ni yeye aliyekipeleka kitufe nyuma yake.

"Ukikiachia kinafunga," alisema, macho yakianza kuingia giza. "Na tuko wawili tu, na mimi sina nguvu. Haiwezekani, Mama."

"Nyamaza, usimalize pumzi."

Akarudi kule. Alikawia mno, Wabwile akaanza kumuaga Beth moyoni. Breki ikalia tena, na safari hii mama akatokea mlangoni kichwa wazi, mvi zote nje.

"Nimekigandamiza na gunzi la mahindi, nikafunga na kitambaa changu," alisema.

Wabwile akafumba macho. Hata pale, jamani, alifumba macho asimwone!

"Fumbua! Nikisukuma, wewe toka."

Akaweka bega kwenye chuma, akasukuma huku akiguta. Mkono ukazunguka. Wabwile akamwangukia, wote wawili wakaenda chini, kichwa chake mapajani mwa mama. Akajaribu kujivuta kando, mbavu zikamkatalia.

"Tulia," alisema Roselyne, mikono yake ikiwa kwenye mashavu ya mkwewe. "Aibu tutaitafutia dawa baadaye. Nilikusikia ukiguna, Wabwile. Nikaondoka. Nilikuwa nimefika mlango wa nje! Beth angeniuliza nilikuwa wapi, ningemwambia nini? Ati nilikuwa nakupa heshima?"

Wabwile alivuta pumzi, ikaingia, ikauma.

"Mimi nilisikia ufagio mapema, Mama," akasema. "Nikanyamaza."

Roselyne akamtazama usoni muda mrefu.

"Wajinga wawili," alisema, na akaanza kulia.