Moshi wa Kuita Mvua

Asubuhi moja ya Oktoba, mwaka sabini na tano, nilikuta mtu ametumbukiza jiwe ndani ya kipimo cha mvua. Nililitoa, nikapangusa mdomo wa kopo, nikaandika kwenye daftari: saa tatu, mvua hakuna. Tangu katikati ya Mei nilikuwa naandika maneno hayo hayo.

Sikumuuliza mtu. Nilijua wanachosema pale Kumsenga, kwamba kopo la serikali linameza mvua kabla haijafika mashambani. Kopo lenyewe mdomo wake hauzidi upana wa kiganja changu.

Kazi hiyo niliachiwa na mwalimu mkuu alipohamishwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, naye akasema hajaona mwingine awezaye kuangalia kitu kimoja kila siku bila kuchoka. Basi naangalia.

Shemeji yangu Felisiani, mume wa dada Philomena, alikuwa ananingoja njiani na wenzake.

"Odilia, kikopo chako leo kimekunywa kiasi gani?"

"Hakuna kitu, shemeji."

"Basi kimeshiba! Kiambie na sisi tuna njaa."

Wakacheka. Mzee Hatungimana, balozi wetu wa nyumba kumi, hakucheka. Alisema Jumamosi watachoma mlima.

"Moshi ukipanda unakuwa wingu, na wingu ndiyo mvua," alisema. "Mwaka jana tulichoma Jumamosi, Jumanne ikanyesha. Au hukuwepo?"

Nilikuwepo. Na mlimani kulikuwa na mizinga kumi na miwili ya marehemu baba. Serikali ilipotuhamishia barabarani tulibomoa nyumba, tukabeba vyungu na kuku, lakini mizinga ya magome yenye nyuki ndani utaibebaje? Ilibaki juu ya miti yake. Ndicho kitu pekee cha baba kilichobaki pale alipokiweka kwa mkono wake, na asali ilikuwa bado majuma mawili tu ivunwe.

Nikafungua daftari. Pembeni mwa safu ya mvua nilikuwa nimejichorea safu ya moshi, bila kuagizwa na mtu.

"Balozi, mwaka jana mlichoma mara tatu. Mara mbili za kwanza haikunyesha. Mwaka juzi ulikuwa na msiba wa ndugu yako, hamkuchoma kabisa, na mvua ikaanza Septemba haijaisha."

"Mwaka juzi Mungu alituhurumia kwa ajili ya msiba."

Hata hivyo nikajaribu njia nyingine. Nilipokuwa Kasulu siku tatu kufundishwa kipimo, Bwana Khatibu wa hali ya hewa, mtu wa Pangani, alitueleza habari za moshi. Nikawaeleza kama alivyotueleza. Moshi ni vumbi dogo dogo, na maji ya wingu hujishika kwenye vumbi hilo. Vumbi likiwa la kiasi, kila punje inapata maji ya kutosha, inakuwa nzito, inaanguka. Vumbi likizidi, maji yale yale yanagawanywa kwa wengi.

"Ni kama mtungi mmoja wa pombe kwenye harusi," nikasema. "Wakija watu kumi, wote wanalewa. Wakija elfu moja, kila mtu analamba tu midomo, anarudi nyumbani amesimama wima."

Hapo walisikiliza kidogo, kwa sababu ya pombe. Nikaongeza kwamba moto ukila miti inatoka pia hewa isiyoonekana, nayo haishuki kama moshi. Inakaa juu miaka na miaka, inaifunika dunia kama blanketi, na joto linazidi. Bwana Khatibu alisema huko Ulaya wanachoma makaa ya mawe kutwa kucha, mwaka mzima.

"Aa! Kumbe ndiyo sababu kwao mvua haikatiki!" Felisiani akapiga makofi.

Nikaomba siku saba. Zikipita bila mvua, wachome, nami nitanyamaza. Mzee Hatungimana akanitazama, akatazama daftari, akasema, "Saba. Si nane."

Siku tano zilipita jua likiwaka. Watu wakinisalimia "Mwakeye" asubuhi, walikuwa wanatazama kwanza juu, kisha mimi, kama vile nimeificha mvua chini ya kitenge.

Siku ya sita, mchana, wingu lilipanda upande wa Kakonko. Jeusi kweli, zito, na upepo wake una baridi. Mama alitoka jikoni, akaanza kuanua mahindi. Nami nilikwenda kukaa karibu na kopo, daftari mkononi.

Ndipo nikaona moshi mlimani.

Nilikimbia. Nilimkuta Felisiani anashuka, kijinga cha moto mkononi, uso umejaa masizi na furaha.

"Umefanya nini, shemeji?"

"Nimelisaidia! Si unaona limekuja dogo? Nimeliongezea."

"Lilikuwa linakuja lenyewe!"

"Ndiyo, lakini polepole."

Nyasi zilikuwa kavu, na upepo ule ule wa mvua ndio uliousukuma moto mpaka juu. Wingu lilisimama juu yetu kitambo, likadondosha matone machache, likaenda zake upande wa Mabamba. Sisemi ni moshi uliolifukuza. Mawingu hupita hata pasipo moto. Lakini mlima uliwaka siku tatu, na jua likawa jekundu kama kaa. Nilipopanda nilikuta mizinga imeanguka, imepasuka, nta imemwagika juu ya mawe na kuganda, nyuki weusi weusi ndani yake. Nilihesabu yote. Hakuna hata mmoja uliobaki.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi iliyofuata ule moto, Mzee Hatungimana alikuja na Felisiani na watu wengine kuangalia kopo. Nilimimina maji kwenye bilauri ya kupimia. Sehemu nne tu za kumi za milimita moja, na rangi yake kama maji yaliyooshewa sufuria.

"Mvua!" Felisiani akasema. "Si nilisema?"

Nikamnyooshea bilauri. "Kunywa, shemeji."

Akanusa, akairudisha. "Hii bado changa."

"Andika," balozi akaniambia. "Andika kwamba moshi umeita mvua, waone huko Kasulu."

Nikakaa chini, nikaandika polepole. Nilipomaliza alitaka nimsomee kwa sauti, maana macho yake hayaoni karibu. Nikasoma: "Mvua, nukta nne. Moshi, mwingi. Mlima umechomwa na Felisiani, shemeji yangu, akiita mvua iliyokuwa imeshafika. Mizinga ya baba ilikuwa kumi na miwili."

Felisiani alitazama mlima, nadhani kwa mara ya kwanza tangu auchome.

"Futa hayo," Mzee Hatungimana akasema.

"Siwezi, mzee. Ni kalamu ya wino."