Kanuni Iliyoitwa Pumua

"Tovuti ya zahanati ihamie toleo jipya la mfumo wa mitindo," bosi alimwambia kwa mara nyingine kijana aliyeitunza. Ndio mfumo unaopanga rangi, nafasi na vitufe vya kurasa. Toleo lao lilikuwa limechakaa. Kwenye simu mpya, kitufe cha kuomba miadi ya daktari kilijificha chini ya picha. "Kila siku unaniambia kesho. Unajenga tovuti au unalinda kaburi?"

Bosi mwenyewe akauma ulimi, akatoka.

Tovuti ile ilijengwa na kaka wa kijana huyo, kabla kifua hakijamlaza na kumchukua. Marehemu alikuwa mkaidi. Majina yaliyokuja na mfumo hakuyataka. Juu yake aliandika kanuni zake, kwa majina ya utani. Kitufe kinene alikiita shavu. Onyo jekundu aliliita usininunie. Nafasi kati ya mistari aliiita pumua. Toleo jipya lisingekubali hata moja. Nakala ingebaki kwenye hifadhi, sawa, lakini nakala isiyofanya kazi ni picha ya ukutani tu.

Kijana akajaribu ujanja: akaweka toleo jipya, akayabakiza majina ya kaka. Ukurasa ukavurugika; maandishi yakapandana, vitufe vikakimbiana. Akarudisha la zamani, akajiambia inatosha.

Mchana mama yake akapiga simu.

"Mwanangu, nataka miadi ya presha. Nabonyeza wee, nagusa picha tu."

"Nenda pale dirishani kwenye zahanati, mama, wakuandikie."

"Ndiko nilikotoka. Wanasema siku hizi ni kwenye simu tu." Akacheka kidogo. "Kaka yako angekuwepo, angeshanitengenezea. Na kunisema juu!"

Kijana akafumba macho.

"Nipe muda kidogo, mama."

Akaweka tena toleo jipya, akaanza kufuta majina ya kaka. Hakufuta kwa mkupuo. Alisoma jina, akalifuta, akasoma lingine. Alipofika kwenye pumua, kidole kikagoma. Akagundua kwamba yeye mwenyewe amebana pumzi. Akabonyeza.

Jioni mama akapiga tena. "Imekwenda! Kitufe kimejileta chenyewe kidoleni."

"Mama, nimefuta alichoandika kaka. Chote. Hakuna hata neno lake humo."

Kwa mbali redio ya nyumbani ilikuwa ikiongea peke yake.

"Kumbe tuko wawili," mama akasema mwishowe. "Nguo zake ziko kabatini vilevile. Nafungua, nafunga. Njoo kesho, mwanangu, tuzitoe. Peke yangu nimeshindwa."

"Nitakuja, mama."

Bosi alipopita kuuliza kama kazi imekwisha, alimkuta amelaza kichwa juu ya kibodi, mabega yakitikisika, na kwenye skrini ukurasa umenyooka, safi, kila kitu mahali pake. Akarudi kinyumenyume, akaurudishia mlango.