Dishon Hapitwi

Masika ya mwaka 1964, hewa ya Kendu Bay ilikuwa nzito hata nguo zilizoanikwa asubuhi zilianuliwa jioni zikiwa bado mbichi. Kwa Dishon, hewa ya namna hiyo haikuvutika. Ujana wake wote aliumalizia katika machimbo ya dhahabu kule Migori, na vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kifuani. Daktari alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba halitatoka, ajifunze tu kuishi nalo.

Na sasa mwanawe Nashon alikuwa tayari kuanzisha boma lake juu kwenye mwinuko. Kwa desturi yao Wajaluo, baba akiwa hai ndiye anayeongoza msafara alfajiri hadi kiwanja kipya, akasimika nguzo ya kwanza. Akishindwa, ndugu yake humshikia nafasi. Simeon, mdogo wake Dishon, alikuwa amekwisha kujitolea, tena kwa bidii ya kutia shaka. Alizunguka sokoni akisema kaka apumzike tu, maana siku hizi hata sala ya Baba Yetu haimalizi bila kuhema. Maneno hayo yalimfikia Dishon yakamchoma. Alijiona anazikwa angali mzima.

Akaanza kujizoeza, na akajizoeza vibaya. Aliupanda mwinuko mbiombio ili asionekane akitweta, akarudishwa akiwa ameshikwa kwapa huku na huku. Jamaa wakamfungia ndani, wakaziba madirisha, wakawasha moto kukausha unyevu. Kuni zenyewe zilikuwa mbichi. Moshi nusura ummalize.

Mkewe Filister ndiye aliyepandwa na hasira. Aliumwagia moto ule maji, akafungua kila penye kufunguka, akahamishia mafiga nje na kumketisha mumewe barazani, pale upepo wa ziwa unapopita.

Hapo barazani Dishon akaanza kukijua kifua chake. Fukuto la mchana kabla ya mvua lilikuwa adui. Alfajiri ilimwonea huruma. Akilala ameegemea magunia, aliamka mwepesi. Akikabwa, alisimama, akaegemea fimbo kwa mikono miwili, akabana midomo na kuitoa pumzi polepole kama anayepoza uji, nayo pumzi ikarudi. Tatizo ni kwamba kupoza uji mbele za watu aliona ni aibu kubwa.

Siku ikafika. Dishon akatangulia na fimbo yake. Nashon akafuata na jogoo, mkewe Monicah na chungu cha makaa, Simeon na shoka begani, kisha ukoo mzima. Walipoanza kupanda, kifua kikabana. Miguu ilitaka kukimbia kama siku ile. Ndipo akakumbuka kwamba katika msafara huu baba hapitwi na mtu. Akasimama palepale, akainama, akapoza uji wake. Wote nyuma yake wakasimama.

Simeon akajongea, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Owadwa, ndugu yangu, niachie nimalizie. Jua litatukuta njiani."

Dishon akaendelea kupoza uji hadi pumzi ilipokwisha kurudi.

"Nikisimama, simama," akasema. "Nikitembea, tembea. Leo mtapumua na mimi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Simeon akarudi nyuma na shoka lake, na kila Dishon aliposimama, naye alisimama, akitazama nyasi kwa makini ya ajabu.

Jua lilikuwa limechomoza walipofika kileleni. Nashon akachimba shimo, na Dishon akaisimika nguzo kwa mikono yake mwenyewe, akaishindilia udongo mpaka haikutikisika. Furaha ilimjaa hadi machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Alihema mbele ya wote, wazi kabisa, na hakuona haya.

"Nashon," akasema, "hapa..."

Pumzi ikakatika. Akaishika fimbo, akabana midomo. Hakuna aliyethubutu kummalizia. Ukoo mzima ukangoja, na Simeon akiwemo, mpaka pumzi ilipomrudia.

"Hapa ni kwako."