Mate ya Mama Pacha

Nyumba nzima ilitema mate isipokuwa Mama Pacha. Hapo ndipo shaka ilipoanza, na shaka ikishaingia ndani ya nyumba, we acha tu! Hata chumvi ikipungua kwenye mboga utauliza nani kaipunguza, na kwa nini.

Shamsia, mmoja wa wale mapacha waliompa mama yao jina hilo, alikuwa amerudi Masasi kutoka chuo kikuu, anakosomea takwimu za urithi, yaani kupima kwa hesabu kipi mtu amekirithi kwa wazazi wake na kipi amekiokota mwenyewe duniani. Utafiti wake ulihusu presha. Alitaka mapacha wa Masasi na Newala wapimwe presha, kisha wateme mate kwenye vichupa, mate yaende maabara. Akaona aanze na nyumbani. Pacha wake Sophia, fundi cherehani asiyejua kunyamaza, aliyemwita Kulwa kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, alitema huku akicheka.

"Chukua, Kulwa. Ukikuta humo ushonaji nimeurithi kwa bibi, niambie nipandishe bei."

Mama yao sasa. Mara jino linamuuma, mara ndiyo kwanza kanywa uji, mara mate ya mtu mzima hayachezewi. Mwanamke huyo huyo anayeuza korosho za kukaanga stendi na kumhadithia abiria asiyemjua habari zote za miguu yake! Na Shamsia alipotaja kwamba atafika hadi Chilangala, kule Newala alikozaliwa mama, sufuria ilimponyoka mama mkononi.

"Chilangala hakuna mapacha," alisema upesi.

"Umejuaje, Mama? Hujakanyaga kule tangu tukiwa wadogo."

"Nimesema hakuna."

Machale yakamcheza Shamsia. Lakini mama ni mama. Akafunga mdomo, akaiacha Chilangala, akamaliza kazi yake vijiji vingine, akarudi chuoni.

Majibu yalikuja mvua zilipokwisha. Mapacha wasiofanana ni kama ndugu wengine wa baba mmoja na mama mmoja, urithi wao hulingana kiasi cha nusu. Kwenye kompyuta yake jozi zote za namna hiyo zilikaa kwenye nusu au jirani na hapo, isipokuwa jozi moja. Hiyo ilikuwa thumuni, yaani nusu ya robo. Nayo ilikuwa jozi yake yeye na Sophia.

Akaishuku maabara. Wakarudia kupima, ikatoka thumuni. Akajishuku mwenyewe, labda alichanganya vichupa. Akaomba Sophia atume mate mengine, yakaleta thumuni ile ile. Ndipo akamgeukia mama yake, na Mungu amsamehe kwa aliyoyawaza. Labda baba yao, marehemu Suleimani, hakuwa baba wa wote wawili. Kitanda hakizai haramu, ndiyo, lakini kompyuta haikulelewa na wahenga. Ilimuuma sana kumuwazia hivyo mama yake, na bado aliwaza.

Mwishowe akampelekea mwalimu wake, Dakta Veridiana, namba za jozi ile bila kutaja majina.

"Wangekuwa wa mama mmoja na baba tofauti ingekuwa robo," alisema Dakta. "Hawa wana nusu ya hiyo. Lakini ule urithi unaopita kwa akina mama peke yao, wako sawasawa kabisa. Shamsia, hawa ni watoto wa dada na dada. Watoe kwenye utafiti. Kuna mtu kakudanganya."

Njia nzima kurudi Masasi alikuwa akipekua picha kwenye simu. Paji hili la nani? Sikio hili je? Alimshuku Sophia kuwa si wa pale, kisha akajishuku yeye. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema, naye akawa anaitafuta hiyo kamba mguuni mwake mwenyewe. Pua aliyoizoea maisha yake yote sasa hakuiamini.

Alimkuta mama uani, anabangua korosho.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukusema kama unakuja?"

"Mama, mimi ni mtoto wako?"

Mama hakushtuka, na hilo lilimtisha Shamsia kuliko kama angepiga kelele.

"Wewe ni mtoto wangu."

"Na Sophia?"

"Mtoto wangu."

"Mama! Hesabu imekataa."

"Mimi sijadanganya mtu. Mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu. Niletee Mmakonde atakayesema si kweli."

"Yupi ni wa mdogo wako?"

"Sijui."

"Usinifanye mjinga, Mama."

"Sijui, Shamsia! Wallahi sijui!" Akaitupa korosho aliyoishika. "Tulijifungua wiki moja, mimi na Swaumu, nyumba moja, kule Chilangala. Mimi nikashikwa na homa, hata mwanangu sijamtazama vizuri. Swaumu akatoka damu mpaka akaisha. Nilipopata nafuu mama yangu akaniletea wawili, wamefungwa khanga za namna moja. Nikamuuliza, yupi wangu? Akasema, nimekuletea watoto wako. Aliwachanganya makusudi, nisije nikampa mmoja ziwa lililojaa na mwenzake lililokwisha. Amekufa hajasema."

Shamsia alikaa chini, pale pale kwenye maganda.

"Nimewaangalia miaka yote," mama aliendelea. "Leo namuona Swaumu usoni mwako, kesho kahamia kwa Sophia. Kila mmoja wenu nimemshuku, na kila nilipomshuku nikamuongezea kipande cha nyama. Nilitaka kujua, nikaogopa kujua. Leta kile kichupa chako cha mate."

Akakichukua mwenyewe kwenye mkoba wa bintiye, akatema, akafunga kifuniko.

"Haya, peleka. Ulinikuta na watoto wawili, utaniachia mmoja. Utatafuta mwenyewe maneno ya kuniambia."

"Kwa hiyo hata huo ukulwa wako ni wa magendo?"

Alikuwa Sophia, kasimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni, na yote kayasikia. "Miaka yote unanituma dukani eti ulinitangulia!" Akacheka, na kicheko hakikufika mbali, akalia kwa sauti kama mtoto. Alipopumua akamkabili mama.

"Mama mdogo alikufa akitafuta mtoto. Kuna aliyewahi kumwita mama?"

Mama akatikisa kichwa.

"Amelala wapi?"

"Chilangala. Sikuthubutu kuwapeleka. Kule wanajua kwamba hamkutoka tumbo moja. Na yeye mwenyewe nilimuogopa. Nimemchukulia mtoto wake bila kujua ni yupi."

Sophia akamgeukia Shamsia. "Kichupa hicho kikienda, mmoja wetu atakuwa mgeni humu ndani. Kisipoenda, na sisi tukanyamaza, mama mdogo atakuwa amekufa bure. Mimi yote mawili siyataki. Wewe msomi, hesabu yako inasemaje?"

Shamsia aliinuka, akakifungua kile kichupa, akakimwaga kwenye majivu ya jiko. Mama alifumba macho, kisha akaomba maji ya kunywa.

Kesho yake wakapanda Newala, wote watatu. Kaburi lilikuwa nyuma ya mikorosho, limefunikwa majani makavu, na mama alilijua bila kuuliza mtu. Wakalifagia. Walipomaliza, Sophia akachuchumaa.

"Shikamoo, Mama."

Shamsia akachuchumaa kando yake. "Shikamoo, Mama."

Wakangoja, kama mtu anavyongoja akishaamkia, na bila shaka hapakuwa na wa kuitikia. Nyuma yao Mama Pacha alijifunga khanga yake vizuri, akasogea mpaka akasimama mguuni mwa kaburi.

"Marahaba," akaitikia kwa niaba ya mdogo wake. "Marahaba, wanetu."