Mngurumo wa Sabufa

Vyombo vya muziki vya Eliya vilikuwa vya mtu mnyonge: spika mbili, mixa ndogo iliyofungwa kwa mpira wa tyubu, na maiki ya chuma. Vyote vilienea kwenye mkokoteni mmoja. Lakini mtaa mzima wa Ngarenaro walimkodi, iwe harusi iwe msiba, kwa sababu alikuwa na kitu kisichouzwa dukani, mkewe Ndeshi. Ndeshi akishika maiki, hata wapishi waliacha sufuria jikoni wakaja kusikiliza.

Kisha serikali ikafungua milango ya biashara, bidhaa za Dubai zikajaa mjini, na watu wakaonja besi, ule mdundo mzito wa chini. Wee! Aliyekwisha kuonja besi humwambii kitu. Harusi ikawa si harusi kama vikombe havitikisiki mezani. Wateja wakaanza kumpita Eliya kana kwamba hawamjui. Wivu ulimkondesha, nisiseme uongo. Mwishowe akauza cherehani ya Ndeshi, akanunua sabufa ya mtumba, spika kubwa ya besi, ile yenye amplifaya yake humohumo ndani. Ndeshi akafagia mahali cherehani ilipokuwa.

Sabufa ilipiga kweli. Tatizo ni kwamba ilinguruma. Ukishaiunganisha na mixa, hata wimbo ukiisha, yenyewe inaendelea, mmmmm, kama ng'ombe mgonjwa. Kwenye harusi moja Kimandolu ilinguruma katikati ya sala, vijana wakacheka, na Eliya akatamani ardhi immeze. Kesho yake akafungua plagi ya sabufa, akakata waya wa eathi, ule wa kijani wenye mstari wa njano. Mngurumo ukakoma papo hapo. Alijua kazi ya waya ule: umeme ukivuja kwenye sabufa na kufuata nyaya hadi kwenye maiki ya chuma, unapitia hapo kwenda ardhini badala ya kupita kwa mtu. Alijua vizuri kabisa, na bado akaukata.

Wiki haikuisha, Ndeshi akalalamika.

"Baba Irine, maiki inaning'ata midomo."

"Inakutekenya tu. Vaa kandambili. Raba haipitishi umeme."

"Kwa hiyo ni umeme?"

"Vaa kandambili, Mama Irine."

Akavaa. Juu gauni la kitenge na kilemba kirefu, chini kandambili za bluu. Watu wakamtania kwamba mwimbaji ametoka kuoga. Naye alicheka nao, maana kazi zilikuwa zimerudi na binti yao Irine alikuwa na viatu vya shule. Hakumweleza mtu sababu. Nani angekodi vyombo vinavyong'ata?

Masika ya mwaka uliofuata, baba yake Ndeshi, Mzee Ephraimu, akafariki kijijini kwake, Maji ya Chai. Eliya alipeleka vyombo bila malipo, kama mkwe mwenye adabu zake. Kaburi lilichimbwa pembeni ya migomba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, turubai likawa linavuja, na matone yakadondokea sabufa. Eliya akayafuta kwa kitambaa, akaendelea kupiga muziki. Wakwe walikuwa wanamtazama, na kwa mara ya kwanza walimtazama kama mtu wa maana.

Ndeshi alipoitwa kumwimbia baba yake, shangazi yake, Paskalina, dada wa marehemu, alimshika mkono.

"Utamwimbia kaka yangu na kandambili za bafuni? Huna hata haya? Vua, mwanangu. Afadhali miguu mitupu."

Ndeshi akamtazama mumewe ng'ambo ya kaburi. Alikuwa anamuuliza, na Eliya alilielewa swali lote. Ilimpasa aseme neno moja tu: subiri. Lakini akisema subiri, wakwe watataka kujua kwa nini, na itabidi aeleze mbele ya jeneza kwamba vyombo vyake vinang'ata watu na kwamba yeye anajua. Akainamia mixa, akajifanya anarekebisha sauti.

Ndeshi akavua kandambili, akaziweka pamoja pembeni, akakanyaga tope. Akapokea maiki kutoka kwa mchungaji, ambaye alikuwa amevaa mabuti ya raba. Wimbo haukutoka. Vidole viliganda kwenye maiki, mwili ukakakamaa, sabufa ikapiga mshindo mmoja, akaanguka. Eliya alirukia plagi akaichomoa. Alikuwa amechelewa.

"Huzuni imemzidi," wanawake walisema, wakimpepea kwa kanga. Hospitali wakasema moyo umesimama. Hakuna aliyeuliza umesimamishwa na nini. Watu wakakubaliana kwamba binti amemfuata baba yake.

"Shemeji, lete vyombo siku ya kumzika," akasema Philemoni, kaka yake Ndeshi. "Dada alivipenda."

Eliya akakaa peke yake, akafungua plagi, akafunga waya mpya wa kijani. Kazi yenyewe ilikwisha kabla chai yake haijapoa. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bisibisi ikiwa bado mkononi.

Ndeshi alizikwa kwao Eliya, mlimani, mvua ikiwa bado haijakata. Sabufa ilinguruma ibada nzima. Ilinguruma wakati wa sala, na watu waliponyamaza ikasikika zaidi.

"Shemeji, mbona inanguruma?" Philemoni akamnong'oneza. "Si ulishaitengeneza?"

"Nilikata waya. Nimeurudisha."

Philemoni hakuelewa. Alimgusa bega kwa huruma, akaondoka. Shangazi Paskalina alikuwa amekaa mkekani, kandambili za bluu mapajani, akilia kwamba alimkaripia mtoto siku yake ya mwisho. Eliya alimsikia, akainamia mixa tena.

Kisha Irine akaja, amevua viatu vya shule visichafuke kwa tope.

"Baba, naomba maiki nimwimbie mama."

Eliya hakumpa. Alivua viatu vyake mbele ya wakwe wote, akakanyaga tope, akaishika maiki kwa mikono miwili. Alitamani imuue. Alisubiri mpaka watu wakaanza kutazamana, na maiki haikumng'ata hata kidogo.

Akampa Irine.