Mistari ya Konsolata na ya Mpiga Kinanda

1.
TANGAZO. Wananchi wote mnaalikwa kwenye mrejesho wa utafiti wa kifua kikuu, ukumbi wa kata, Jumamosi saa nne asubuhi. Wataalamu watalinganisha njia mbili za kutambua aina za vimelea. Soda zitakuwepo.

2.
Ditram Gama, mfyatua tofali, hakufuata soda. Mkewe Konsolata aliondoka na kifua kikuu mvua zilizopita, na leo wakubwa wamekuja kueleza kilichomuua kilikuwa cha namna gani. Zahanati haina hata glavu. Ila mashine ya kubishana na mashine nyenzake, hiyo ipo.

Ndivyo walivyo.

3.
Msomaji, laiti ungeiona ile picha ukutani. Mistari myeusi, safu kwa safu, kama ile ya nyuma ya pakiti ya sabuni. Dokta Rehani akaeleza: njia ya zamani huangalia vipande vichache vya vinasaba vya vimelea, vikajipanga mistari. Mistari ya wagonjwa wawili ikifanana, huenda mmoja kamwambukiza mwenzake.

"Majina tumeyaficha," akasema.

Majina wakayaficha. Kazi za watu wakaziacha.

Safu ya tatu: mwanamke, mshona majoho ya kwaya.
Safu ya nne: mwanaume, mpiga kinanda kanisani.

          Sawasawa.
          Mstari kwa mstari.

Majoho alishona Konsolata peke yake, na parokia nzima ina mpiga kinanda mmoja.

4.
(Benchi la nyuma.)
"Kumbe ndiyo mazoezi ya kwaya."
"Nyamaza, mumewe yule pale."
"Joho nalo halipimwi kwa mbali, mama."
"Wewe Anjelina, mdomo utakuponza."

5.
Alivyo navyo Osmund Komba, mpiga kinanda, Ditram hana:
vidole laini visivyojua udongo
viatu vya ngozi
nyimbo zile ambazo Konsolata aliziimba chini chini jikoni, akipika chakula cha Ditram
na sasa mistari ya Konsolata

6.
Ditram alimkuta Osmund mlango wa sakristia.

"Shemeji, pole na—"

"Shemeji yako nani?"

"Ditram, tulikuwa tunaimba watu arobaini chumba kimoja, madirisha yamefungwa."

"Mistari haikufanana na ya hao arobaini. Imefanana na yako."

"Ni makohozi hayo, ndugu yangu, si mapenzi."

"Mimi nimelala naye mpaka mvi zikatuota. Makohozi yangu hayakumtosha?"

Osmund akatazama viatu vyake. Vya ngozi.

7.
TAARIFA YA NYONGEZA. Njia ya zamani iliyooneshwa ukumbini husoma sehemu chache tu za vinasaba. Njia mpya husoma karibu vyote, herufi kwa herufi. Kwa njia mpya, vimelea vya safu ya tatu na ya nne ni ukoo mmoja wa mbali. Wagonjwa hao hawakuambukizana hivi karibuni. Aliyemwambukiza safu ya tatu bado hajapatikana. Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.

8.
Usumbufu.

9.
Dokta Rehani akamfuata Ditram kwenye tanuri la tofali, viatu vimejaa majivu.

"Baba Gama, nyumbani walipimwa wote?"

"Wote."

"Na wewe?"

Akakohoa kwanza. "Huu moshi."

"Huo moshi ulianza kabla mama hajaugua, au baada?"

"Mngeleta dawa mapema usingeniuliza."

Dokta akafungua mkoba wake. Akatoa kikopo cha makohozi, akakiweka juu ya tofali mbichi. "Tukisoma vimelea vyako, tutalinganisha na vyake."

"Vikiwa sawasawa?"

"Huenda mmoja wenu alimwambukiza mwenzake."

"Yupi?"

"Hilo hata njia mpya inaweza isiseme."

10.
Pima na wewe, msomaji, maana Ditram alipima mpaka tofali zikamuungulia.

Visipofanana na vya Konsolata: kuna mwanaume wa tatu, hana safu wala kinanda, na kila asubuhi anamsalimia.

Vikifanana: 

Vikifanana, Konsolata ni wake. Wake peke yake, hata kwa hilo. Na huenda yeye ndiye

11.
"Kohoa kutoka kifuani, baba," alisema Nesi Kalista wa zahanati. "Mate hatuyataki."

Akakohoa hadi machozi. Akafunga kifuniko. Hakukiachia kikopo.

"Lete basi."

"Vimelea vitakaa wapi?"

"Maabara wataviotesha, kisha watavitunza kwenye jokofu lao."

"Na vya marehemu vimo humo?"

"Vimo."

"Na vya Osmund?"

Nesi Kalista akajishughulisha na kuvaa glavu. Ilikuwa moja tu, ya mkono wa kulia.

"Waambie vyangu wavikalishe katikati ya vyao," akasema Ditram, na kikopo bado kilikuwa mkononi mwake.