Ua Lililoitwa Bi Harusi

Mke wa mwana alikuwa amepiga magoti kwenye shimo la taka, akitenga maganda ya viazi na vijiti vya ua. Kila kijiti kibichi alikipuliza majivu, akakikata ncha kwa kisu cha jikoni na kukichomeka koponi. Bado vilikuwa vingi, na mama mkwe angetoka hospitali mchana huo, jicho moja limefungwa bendeji.

Jana ni yeye mwenyewe, mke wa mwana, aliyelimwaga humo ua zima, kwa hasira. Pale uani liliitwa Bi Harusi. Halifunguki mpaka jua lipande, na kila asubuhi jirani hupita na ndoo yake: "Bi Harusi kaamka? Au bado anajinyoosha?" Tangu aolewe aliumeza mzaha huo kama dawa chungu, akijua anasemwa yeye.

Asubuhi hiyo, wifi yake alipoona kopo tupu alishika kiuno.

"Ua la mama liko wapi?"

"Nimechoka kusutwa na majani."

"Nani kakusuta? Siku uliyoamkia hapa mara ya kwanza ulilala mpaka jua kali. Nikataka kukugongea, mama akanizuia. 'Mwache, kalia usiku kucha kwa kuwaacha wazazi wake.' Akaweka kigoda mlangoni kwako, asije mtu akakuamsha. Kimche kile kilijiotea kwenye ufa wa ngazi, kimejifumba. Akasema, 'Na huyu bi harusi, hana haraka.' Ulipotoka, nacho kikawa kimechanua. Ndipo akakitia koponi. Mzaha ni wa jirani, wifi, si wa mama."

Ndiyo maana sasa alikuwa shimoni.

Gari liliposimama nje, alikuwa amelirudisha kopo kwenye ngazi. Mama mkwe akaingia ameshikwa mkono na mwanawe, akageuza jicho zima kuelekea ngazi.

"Bi Harusi wangu kaamka?"

Uongo ulimjia mdomoni ukiwa tayari umeiva: kuku wamelichakura. Nao akaumeza.

"Nimemng'oa mimi, mama. Nilidhani unanicheka."

 Mama akaketi kwenye ngazi, akapapasa kopo mpaka vidole vikagusa vijiti.

"Umevishindilia mno, vitaoza." Akachomoa kimoja, akakirudisha taratibu. "Umeniumiza, mwanangu."

"Najua, mama."

"Vilivyobaki viweke kivulini, vikauke vidonda vya kisu. Kesho utanishika mkono, tuvipande."

Mke wa mwana akavitandaza kwenye ungo, kimoja kimoja, asithubutu kuuliza kama vitashika.